Ramani ya Dubai Haijui Hewa ya Goma

Mtu anayebadilisha injini hapa Goma kwa kawaida huuliza bei, huuliza kama imetoka Japani au Dubai, kisha huuliza kama itakaa kwenye miguu yake bila kuchomelea vyuma vipya. Kompyuta inayoiendesha hutajwa mwisho, mara nyingi injini ikiwa imeshafungwa na fundi anajikuna kichwa kwa nini inazunguka lakini haiwaki. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kusikia habari za mtu wa Kigali, mtu wa Kampala, mtu anayetumiwa faili kwa simu kutoka Dubai. Kila mmoja ana bei yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona gari lenyewe.

Kazi ya kuirekebisha kompyuta hiyo unaweza kujifunza mwenyewe. Si nyepesi. Utahitaji laptopu (ya zamani inatosha), mita ya kupimia umeme, daftari, na moyo wa kukubali kwamba wiki za mwanzo hutaigusa kabisa ramani ya injini, yaani zile namba zinazoiambia kompyuta ipulize mafuta kiasi gani na ipige cheche lini. Mji wetu nao umetulazimisha. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na kutuma kalkilateri, yaani kompyuta ya injini, Kinshasa ikatazamwe na mtaalamu kukawa jambo la kubahatisha. Anayejua kusoma injini yake hapo hapo uani haokoi pesa tu, anaacha pia kuwa mateka wa faili la mtu asiyemjua.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba unahitaji kompyuta. Land Cruiser yenye 1HZ, Hilux na Hiace zenye 3L au 5L, zinatumia pampu ya mazutu (dizeli) isiyo na akili yoyote ya umeme. Ipe volti 12 ile valvu iliyo kwenye pampu, mazutu inapita, injini inawaka, basi. Kwa mtu ambaye maisha yake ni kupanda Masisi msimu wa mvua na kurudi na viazi na jibini, sioni sababu ya kumshawishi aweke kitu kinachodai laptopu. Amtafute fundi mzuri wa pampu na aishi kwa amani.

Wengine wachague mahali pepesi pa kuanzia. 1KD-FTV, ile D-4D ya lita 3.0, si darasa la kwanza. Mazutu ndani ya reli yake hufika zaidi ya bar 1,000, kila injekta ina namba ya fidia inayopaswa kuingizwa kwenye kompyuta, ufunguo wake mara nyingi umefungwa na kinga ya wizi, na ukiongeza mafuta kwa pupa pistoni inakufa kabla hujajua tatizo lilikuwa nini. Anza na injini ya esansi (petroli) isiyo na turbo, inayopuliza mafuta kwenye mlango wa hewa na siyo moja kwa moja ndani ya silinda: 3S-FE ya RAV4 za zamani, 1ZZ-FE, 2AZ-FE, au 3RZ-FE ya lita 2.7 ambayo Hilux na Prado zinaipokea bila ugomvi. Hizi husamehe makosa ya mwanafunzi. 1AZ-FSE hainisamehe mimi wala wewe, iache.

Ukienda kununua, iwe Birere au kwa muuzaji anayeleta mzigo kutoka Kampala, jambo la kugombania ni nyaya. Muuzaji hupenda kuzikata karibu na injini kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kuitoa. Mwambie mapema, kabla pesa haijatoka mfukoni: “Papa, injini naichukua na kalkilateri yake na nyaya zake zote, soketi zikiwa mahali pake.” Atakujibu, “Ile iko na bei yake, mutoto yangu,” na kweli iko na bei yake, lakini ni ndogo kuliko gharama ya kutafuta baadaye soketi moja moja. Kwenye kibandiko cha kompyuta ya Toyota tafuta namba inayoanza na 89661, uiandike, kisha ulinganishe na aina ya injini na gia. Kompyuta iliyotoka kwenye gari la gia za otomatiki italalamika ikizikosa gia zake. Gari likiwa na kinga ya wizi, dai ufunguo wa asili pamoja na ile pete ya antena inayozunguka kitasa cha swichi. Bila hivyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nyaya zikifika nyumbani, tenga muda wa kuzifanyia kazi bila kukimbizana. Injini nyingi zilizopandikizwa mjini hapa zinasumbuliwa na kitu kimoja: waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa skochi. Gari linalopita kila siku kwenye mitaa iliyolazwa juu ya lava ya Nyiragongo ya 2002 hutikisika kiasi kwamba kiungo cha namna hiyo kinafunguka na kujifunga mara nyingi kwa sekunde, na kompyuta inaona vurugu isiyoelewa. Tumia vibano vya kukandamiza kwa koleo lake, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, shikilia nyaya kwenye bodi zisininginie. Waya wa sensa ya kranki una koti la nyuzi za chuma la kuzuia kelele za umeme. Koti hilo liunganishwe na masi (upande hasi wa umeme) kwenye ncha moja tu. Na masi yenyewe uipime. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye masi ya kompyuta, nyingine kwenye hasi ya batiri, mwenzako azungushe injini kwa stata. Mita isizidi volti 0.2. Ikizidi, usiguse kitu kingine chochote mpaka uongeze waya mnene kati ya injini, bodi na batiri.

Hapo hapo hakikisha kwamba pampu ya esansi inawashwa na rele inayoamriwa na kompyuta. Mafundi wengi huifunga moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo ili kumaliza kazi. Gari likigonga na bomba la esansi likikatika, pampu iliyofungwa hivyo itaendelea kumwaga mafuta juu ya injini ya moto. Iliyofungwa vizuri inanyamaza mara tu kranki inapoacha kuzunguka. Kwa hili sina mjadala na mtu.

Sasa ujifunze kusoma. Toyota za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cha plastiki chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Fungua kifuniko chake. Ndani yake kuna mchoro wa matundu na majina yao. Chukua kibanio cha karatasi, kikunjue, unganisha tundu la TE1 na la E1, kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza. Ikikonyeza sawasawa bila kupumzika, kompyuta haina malalamiko. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 41 ni sensa ya kipepeo cha hewa, 31 ni kipimo cha hewa inayoingia, 14 ni mawimbi ya kuthibitisha cheche, 52 ni sensa ya kugonga. Kama taa haiwaki kabisa unapowasha ufunguo, shuku kwamba muuzaji ameitoa balbu. Mchezo huo ni wa kawaida.

Magari ya baadaye yana soketi ya pini 16 chini ya usukani, na kuna kile kifaa kidogo cha Bluetooth, ELM327, kinachozungumza na simu. Kinunue, hakiumizi mfuko. Ila usikasirike kikikataa kuongea na gari lililotengenezewa soko la Japani. Mengi ya miaka ya mwanzo ya 2000 yana umbo la soketi hiyo lakini lugha yao ni nyingine, na utahitaji kifaa kinachoijua Toyota. Kikikubali, usikimbilie misimbo ya hitilafu. Tazama namba zinazotembea: joto la maji, joto la hewa, na ile asilimia inayoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani. Ikiwa ndani ya kumi juu au kumi chini, injini na kompyuta wanaelewana. Ikiwa juu ishirini, kuna hewa inapenya mahali, au pampu imechoka, au injekta zimeziba, na ramani yoyote utakayoandika itakuwa inauficha ugonjwa huo.

Kisha thamostati. Nikipewa ruhusa ya kutoa amri moja kwa magaraji yote kuanzia Himbi mpaka Ndosho, ingekuwa hii: rudisheni thamostati. Karibu kila injini inayochemka huishia kutolewa thamostati, eti ipoe. Goma si Kisangani. Hapa hewa ni ya ubaridi, na injini isiyo na thamostati katika safari fupi za mjini inaweza kukaa kwenye nyuzi 50 au 60 siku nzima. Kompyuta ikiona joto hilo inaamini kwamba injini bado inaamka, na kwa sababu hiyo inaendelea kuipa esansi ya ziada kama ya asubuhi. Sensa ya moshi haisikilizwi ipasavyo, bujii zinakuwa nyeusi, esansi inaosha oili kwenye kuta za silinda, na mwenye gari anaamini kalkilateri imeharibika. Halafu anakuja kijana na laptopu, anapunguza mafuta kwenye ramani mpaka injini itulie. Siku thamostati ikirudishwa, au gari likipanda mlima na kupata joto, ramani ile iliyopunguzwa inakuwa kavu, mafuta hayatoshi, na pistoni ndiyo inayolipa. Weka thamostati inayofunguka karibu na nyuzi 82, weka kifuniko cha rejeta kinachoshika mgandamizo, kisha tafuta kwa nini ilikuwa inachemka.

Sensa yenyewe ya joto la maji uipime kwenye sufuria. Kwenye Toyota nyingi, upinzani wake ni kiloomu 2 hadi 3 maji yakiwa nyuzi 20, na hushuka mpaka kati ya 0.2 na 0.4 kwenye nyuzi 80. Ukitumia kompyuta ya kujitegemea, ambayo nitaifikia mbele, utaombwa uiambie sensa inasoma nini katika viwango vitatu vya joto, na vitabu vingi vitakuambia uchemshe maji ili upate nyuzi 100. Vimeandikwa na watu wa pwani. Katika mwinuko wetu wa mita 1,500, maji yanachemka karibu na nyuzi 95. Ukiandika 100, kuanzia siku hiyo kompyuta itakuwa inasoma joto kubwa kuliko lililopo. Nunua kipimajoto cha kioo, kiamini hicho.

Mwinuko huo ndio kiini cha jambo lote. Washa ufunguo bila kuwasha injini, fungua programu ya kompyuta hiyo, tazama sensa ya mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi. Hapa Goma isome kilopaskali 84 au 85. Ikisoma 100, ama sensa ni mbovu, ama umechagua aina isiyo yake kwenye programu, na hesabu zote zitakazofuata zitakuwa za uongo. Mombasa sensa hiyo hiyo itasoma kama 101, Kampala 88, Butembo karibu 82. Maana yake ni kwamba kila silinda yako inavuta hewa pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa, na nguvu inapungua kwa kiasi hicho hicho. Hakuna ramani inayoirudisha kwenye injini isiyo na turbo. Anayekuahidi kwamba faili lake litakupa nguvu ya kiwandani katika hewa ya Goma, mpe maji ya kunywa na umsindikize mlangoni. Unachoweza kupata kwa kurekebisha vizuri ni injini inayowaka asubuhi kwa mara ya kwanza, isiyozima ukisimama kwenye rondi-puani, isiyokunywa esansi ovyo, na isiyojiua polepole.

Na ndiyo maana nasema jambo ambalo wauza faili hawapendi kusikia: injini ya kiwandani iliyokuja na kompyuta yake ya asili, sensa zake zote na injekta zake, haihitaji ramani mpya. Mhandisi wa Toyota alishafikiria mlima. Sensa ya uzito wa hewa au ya mgandamizo inaona hewa nyepesi na kompyuta inapunguza esansi yenyewe. Tena kompyuta nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zilichomwa programu kiwandani na haziandikiki upya hata ukitaka. Kurekebisha kunahitajika pale kompyuta ya asili ilipopotea au imefungwa na ufunguo usiokuwepo, au pale ulipobadilisha injekta, kamshafti, au kuongeza turbo.

Ukiwa katika hali hiyo, njia nafuu ni kompyuta ya kujitegemea. Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo ndio waliofungua mlango huo kwa watu wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipoitoa MegaSquirt. Baadaye Josh Stewart wa Australia akaleta Speeduino, ambayo michoro yake iko wazi kwa kila mtu na moyo wake ni kadi ya Arduino Mega 2560, kadi ambayo kijana yeyote anayecheza na elektroniki anaijua. Zote mbili zinasomwa kwa programu ya TunerStudio, ambayo ina toleo la bure. Toleo la kulipia lina uwezo wa kujaza jedwali la mafuta lenyewe huku gari likitembea. Mwanafunzi asiliguse kwanza, kwa kuwa litajaza pia makosa ya sensa zake kwa bidii ile ile.

Usianzie kwenye gari. Funga Speeduino juu ya meza. Kuna programu ndogo iitwayo Ardu-Stim inayoigeuza kadi nyingine ya Arduino kuwa kranki ya bandia. Inatoa mawimbi ya meno yanayozunguka, nawe unachagua kasi. Weka vizungushio vya redio vya zamani viwe kipepeo na joto la maji, na balbu ndogo za LED ziwe injekta. Zungusha kimoja, tazama kinachobadilika kwenye skrini na jinsi balbu inavyokaa muda mrefu zaidi. Mwezi mmoja wa mchezo huo mezani, jioni umeme wa kampuni ya Virunga au ya SNEL ukiwepo, unafundisha kuliko mwaka wa kubabaisha kwenye gari la mteja. Mtu aliyesoma elektroniki pale ITIG, shule ya ufundi ya hapa mjini, na asiyejua kufungua hata bujii atakuwa mwenzako mzuri katika hili. Mmoja anajua mawimbi, mwingine anajua injini.

Ukihamia kwenye gari, kitu cha kwanza ni kuifanya kompyuta ijue kranki iko wapi. 1ZZ-FE na 2AZ-FE zina gurudumu lenye nafasi 36 ambazo 2 zimeachwa bila jino. Injini za zamani zenye distribita zinahesabu meno 24 ndani yake. Chagua mpangilio sahihi kwenye programu, kisha amuru cheche ikae mahali pamoja, digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, isiyumbe. Washa taa ya taimingi, imulike kwenye puli ya kranki. Kama alama inaonekana kwenye 10, vizuri. Kama inaonekana kwenye 16, sahihisha pembe ya sensa kwenye programu mpaka taa na skrini viseme neno moja. Pandisha kasi mpaka mizunguko 3,000; alama isihame. Wanaoruka hatua hii huona skrini ikiwaambia digrii 20 wakati injini inapigwa cheche kwenye 30.

Jedwali la mafuta liko mithili ya ubao wa kisoro, yaani bao: safu za kwenda juu ni mgandamizo wa hewa, safu za kando ni kasi ya injini, na kila shimo lina namba inayosema silinda inajaa kiasi gani pale. Injini inaporuka kutoka shimo hadi shimo, kompyuta inasoma namba na kukokotoa esansi. Ili ujue namba ni sahihi unahitaji kipimo cha lambda cha upana mkubwa, na sensa inayotumika sana ni Bosch LSU 4.9. Sensa ya kawaida ya Toyota inajua tu kusema “nyingi” au “kidogo” kwa kuruka kati ya volti karibu 0.1 na 0.9. Kishikio cha ile ya Bosch kichomelee kwenye bomba la moshi kikiwa kimeinama, sensa ikitazama chini kutoka juu, ili maji ya asubuhi yasitulie ndani yake na kuipasua. Na hakikisha bomba halivuji juu yake, maana hewa ya nje itakudanganya kwamba mafuta ni machache.

Anza na ralanti, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, ikiwa imepata moto kamili. Kisha mwendo wa kawaida, gari likitembea kwa kasi isiyobadilika, lambda ikae karibu na 1, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya esansi. Ukikanyaga mpaka mwisho, lambda ishuke mpaka kati ya 0.85 na 0.88, esansi ya ziada pale inapoza. Badilisha namba kidogo kidogo, shimo moja na majirani zake, rekodi, rudia. Namba moja ikitaka kuwa kilima kirefu katikati ya bonde, usiifuate. Silinda haijai kwa kurukaruka, na kilima hicho kina sababu nyingine, mara nyingi waya.

Kabla ya kuanza, jaza tanki kituoni na uendelee na kituo hicho hicho mpaka umalize. Sina ugomvi na Kadhafi, wauza mafuta wa kando ya barabara. Wametuokoa siku nyingi vituo vikiwa vikavu. Lakini bidoni haikuambii ilichanganywa na nini. Mafuta ya taa yakiingia kwenye esansi, injini inagonga mapema zaidi, nawe utarekebisha avansi, yaani wakati wa kupiga cheche, kwa ajili ya mchanganyiko ambao hutaupata tena kesho. Ukilazimika kununua hapo, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie, tazama kama kuna maji chini, na uinuse.

Kwenye avansi ya cheche kuwa mwoga. Chukua jedwali la injini inayofanana, lipunguze digrii mbili au tatu upande wa mzigo mkubwa, na uliache hivyo hadi uwe na masikio. Masikio hayo yanatengenezwa: kipande cha bomba la shaba kilichobondwa upande mmoja na kutobolewa, kifungwe kwa bolti kwenye bloku ya injini, mpira mwembamba uingie ndani ya gari kupitia dirishani na uishie kwenye vifuniko vya masikio vya mtu wa kiwandani. Ukivaa utasikia valvu, injekta, minyororo. Kugonga ni sauti kavu inayojitokeza juu ya hizo zote, mtu anayeisikia mara ya kwanza haulizi tena ni ipi. Ukiisikia, mguu juu mara moja.

Barabarani muwe wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anatazama laptopu na kutoamuru chochote gari likiwa katikati ya motari na vichukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo. Huhitaji kasi. Mlima mrefu, gia ya tatu, mguu uliotulia, hiyo inatosha kujaza safu nyingi. Na mkikaribia barieri, simameni kabla, zimeni kurekodi, fungeni laptopu, rudisheni nyaya ndani. Gari lenye mpira unaotoka dirishani na mtu aliyevaa vifuniko vya masikio linaleta maswali ambayo karatasi za gari hazijibu.

Kila jioni hifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe, nakala moja kwenye flashi inayokaa nyumbani. Unapoandika programu yenyewe ndani ya kompyuta, siyo namba za jedwali tu, unganisha batiri ya pili na ya gari kwanza, na laptopu iwe imejaa chaji. Volti zikiporomoka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kubaki bubu.

Limebaki jambo ambalo ni letu kwa namna ya pekee. Hapa Goma, ukikanyaga mpaka mwisho bila turbo, mgandamizo hautapita 85. Mashimo yote ya jedwali yaliyo juu ya hapo, safu ya 90, ya 95, ya 100, gari lako halijawahi kuyagusa. Yana namba za kukisia ulizoanza nazo, na kwa sababu hewa nyepesi inavumilia cheche ya mapema zaidi, hata avansi uliyoiona salama huku haijajaribiwa na hewa nzito. Siku gari linapokwenda kuchukua mzigo Mombasa, linaingia kwenye mashimo hayo likiwa na mzigo mgongoni na joto la pwani juu yake. Kwa hiyo kabla ya safari endeleza mwelekeo wa namba za mafuta kutoka safu ya 85 kwenda juu bila kuruka, uziongeze kidogo upande wa mafuta mengi, na upunguze avansi katika safu hizo kadiri mgandamizo unavyopanda. Chukua laptopu. Simama Kampala, ambako sensa inasoma 88, jaza kituoni, rekodi mlima mmoja, sahihisha safu ya 90. Ukishaivuka Nairobi na kuanza kuteremka, mguu uwe mwepesi mpaka urekodi safu za 95 na 100 ukiwa na masikio ya shaba kichwani. Ukirudi Goma usizifute safu hizo kwa kuona hazitumiki. Gari likiuzwa kwa mtu wa Dar es Salaam, hizo ndizo atakazoendeshea.